Kikohozi cha Mlangoni

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mvua ya gemu ile ni mvua ya kwetu kabisa. Inaanzia upande wa mlimani, unaiona ikija, halafu inashuka juu ya mabati kwa kelele inayomfanya mtu anyamaze katikati ya maneno. Aliyeirekodi lazima aliketi chini ya mabati ya kweli, maana sauti hiyo haibuniwi. Migomba imechorwa na majani yaliyochanwa na upepo, si yale majani mazima ya kwenye kalenda. Michai imekatwa usawa wa kiuno. Udongo ukilowa unashika miguu ya Mzee na kumpunguzia mwendo, na ukimpitisha kwenye nyasi anajipangusa viatu kama mtu mwenye adabu zake. Vilima walivipiga picha upande wa Nyamira kwa sababu barabara ilikuwa afadhali, na sisi wa Nyamache hatukunung'unika, vilima ni vilima. Isitoshe gemu yenyewe ni nyepesi. Inakubali hata kwenye simu ya mama yangu, ambayo kioo chake kimepasuka pembeni na bado inapiga na kupokea.

Hayo ndiyo mazuri yake. Nimeyataja mapema nisije nikaambiwa nina chuki. Chuki ninayo, tena ya kutosha, lakini nisingependa mtu adhani ndiyo iliyonizuia kuiona mvua.

Mzee anayetembezwa kwa kidole katika gemu ile ni baba yangu.

Simaanishi kwamba anafanana naye kwa mbali, kama watu wanavyomwona jamaa yao katika picha ya gazeti. Kofia ya sufu ni yake, ile aliyoivaa hata jua likiwaka. Kigoda anachokibeba kwapani ni chake. Sauti ni yake, iliyotoka kinywani mwake, akiwa ameketi kando ya michai yake mwenyewe. Na mimi ndiye niliyewapeleka kwake wale waliomchukua.

Ninafundisha Kiswahili katika shule ya msingi nje kidogo ya mji wa Kisii. Miaka kadhaa iliyopita, studio moja ya Nairobi ilikuwa inatafuta hadithi za katuni ya watoto ya runinga. Niliwaandikia hadithi ya mzee anayezunguka kila asubuhi kwenye nyumba za wanawe, kigoda kwapani. Kila nyumba ina lake: hapa ng'ombe amegoma kukamuliwa, pale mtoto hataki shule, kule mume na mke wamenuniana. Mzee anaketi nje, anasimulia jambo moja ambalo kama halihusiani na lolote, na mambo yanalainika. Waliipenda. Shida ikawa sauti. Walinichezea sauti ya mwigizaji waliyempata, kijana aliyejua Kiswahili cha Wakisii kwa njia moja tu: kugeuza kila L kuwa R, kisha kungoja watu wacheke. “Rakini, reo, nirikuwa nimerara.” Waliomzunguka walicheka kweli. Mimi niliwaambia kwamba wakitaka kutucheka waendelee, ila waitoe hadithi yangu. Wakitaka mzee, waje Nyamache niwaonyeshe mzee.

Wakaja. Baba alizungumza nao kutwa nzima bila kuonyesha kwamba amechoka, akawatania kwa viatu vyao vyeupe katika udongo wetu, akakubali.

Sasa lazima nieleze habari ya kikohozi, kwa sababu bila hicho hakuna katuni, wala sina kisa cha kusimulia.

Kwetu sisi, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Haingii kula, haingii kujikinga mvua, haingii hata kama ni yeye aliyeikata miti ya kuijengea. Mle ndani mna kitanda cha mwanawe na mkaza mwana, na macho ya baba hayana kazi huko. Heshima hiyo tunaiita chinsoni. Kiswahili kina neno soni, nami huwaambia wanafunzi wangu kwamba maneno hayo mawili ni ndugu, ila la kwetu bado linafanya kazi kila siku na la Kiswahili limebaki kwenye mashairi.

Kwa hiyo baba akifika kwa kaka yangu, ambaye nyumba yake iko papo hapo bomani kwetu, alisimama nje ya kizingiti na kukohoa. Hakikuwa kikohozi cha kifua. Kilikuwa kifupi, kikavu, kisha kimya, kisha kingine cha chini zaidi kana kwamba anajijibu mwenyewe. Wifi yangu, mke wa kaka, akikisikia alijifunga leso vizuri kichwani, akachukua kigoda na kukitoa nje, hata kama baba amekuja na chake kwapani, akakiweka chini ya upenu, akasalimu akiwa ameelekeza macho pembeni. Baba akaketi. Mambo yote ya nyumba ile, ya raha na ya kilio, aliyasikilizia kwenye upenu. Mvua ikizidi alisogeza kigoda hadi ukutani, na hapo ndipo ulipokuwa mwisho wa baba.

Katuni iliyaonyesha haya yote bila kuyaeleza. Kila kipindi kilianza kwa mlango uliofungwa, halafu kikohozi, halafu mwanamke akatoka na kigoda. Shuleni kwetu watoto walianza kukohoa mlangoni mwa darasa kabla ya kuingia, kifupi, kikavu, kisha cha chini. Nilijifanya nimeudhika. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikirudi nyumbani nikitembea kifua mbele.

Kipindi cha mwisho kilikuwa cha Mzee kubariki nyumba mpya ya mwanawe. Ikasadifu kwamba kaka alikuwa ndio kwanza amehamia nyumba yake ya matofali, na baba alikuwa hajaibariki, anasema haraka ya nini. Wale vijana wa studio walimwambia abariki kama ambavyo angeibariki nyumba ya mwanawe. Baba akawajibu kwamba hajui kubariki nyumba ya uongo. Akawapeleka mbele ya mlango wa kaka. Kaka alikuwa kazini Suneka, wifi alikuwa sokoni, mama alikuwa anachuma chai, mimi nilikuwa darasani. Walikuwapo yeye, vijana wale na chombo chao cha kunasia sauti. Alisimama pale nje na kusema aliyoyasema.

Jioni tulimuuliza alisema nini.

“Baraka hairudiwi kama wimbo,” alisema. “Siku watakayoionyesha mtaisikia, nyote pamoja, mkiwa mmekaa.”

Alikuwa amefurahi. Alikula na kuomba kuongezwa, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Mimi nilimwona kama mtu aliyeweka kitu mahali salama.

Kipindi hicho hakikuonyeshwa kamwe. Studio na kituo cha runinga walitofautiana juu ya jambo ambalo hakuna aliyejali kutueleza, na katuni ikakatwa kama umeme unavyokatwa. Tulingoja. Baba naye alianza kukohoa kikohozi kingine, kirefu na chenye maji, na mama aliweza kuvitofautisha viwili hivyo akiwa jikoni mlango umefungwa. Cha kwanza kikawa kinapungua na cha pili kinazidi. Tukamzika chini ya migomba, upande unaotazama njia ya kwenda kwa kaka. Baraka ya nyumba ya kaka ilikuwa imesemwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeisikia.

Ndipo ikaja gemu. Kijana mmoja wa studio, ambaye sasa alikuwa na kampuni yake, alinipigia kunipa habari njema.

“Madam, tumetengeneza gemu ya Mzee. Sauti zake zote ziko ndani. Hata ile ya kubless nyumba, ile haikuonyeshwa. Iko hatua ya tatu.”

Nilimshukuru. Nilimshukuru mara nyingi, na nikikumbuka shukrani zile nasaga meno.

Nilikwenda Nyamache Jumapili, maana mama ni Msabato na Jumamosi simu yake hulala kabatini. Alikuwa anapepeta maharagwe. Nilikuwa nimemgeuzia mgongo nikiihangaikia simu, kumbe Mzee keshajitokeza kwenye kioo. Akakohoa. Kifupi, kikavu, kimya, kisha kile cha chini. Nilisikia ungo ukianguka. Mama alikuwa amesimama, anaangalia mlango.

Hakulia. Aliniomba nimrudishe akohoe tena.

Nilimfundisha kumtembeza. Alijifunza haraka kuliko walimu wenzangu wanavyojifunza kompyuta, na pamoja na kujifunza akaanza kulalamika, maana yeye alimjua mhusika.

“Mbona anakimbia? Baba yenu alimkimbilia nani?”

Ni kweli. Ukikaza kidole, Mzee anatimua mbio, kigoda kinapigapiga mbavuni. Halafu kuna nyota. Mzee anaokota nyota za njano zilizotapakaa kwenye mashamba ya watu, anazikusanya bila kuuliza mwenyewe, na baba yangu hakuwahi kuokota hata parachichi lililoanguka njiani bila kumwita mwenye mti. Halafu kuna lile la “baba.” Katika Ekegusii baba ni mama. Mzazi wa kiume ni tata. Katika katuni mtoto aliita “baba!” na mama yake akatoka jikoni, na watazamaji wa Nairobi waliandika kuuliza kama tumekosea; baba yangu alicheka hadi akashika kiuno. Waliotengeneza gemu wakaona wasahihishe. Sasa mtoto analia njaa, anaita “baba,” na mwanamume anatoka shambani mbio na jembe begani. Mama alimtazama mwanamume huyo kwa muda.

“Atamnyonyesha?” akauliza.

Tulicheka sana siku ile. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi, na ningependa gemu ile ipewe haki yake kwa hilo pia.

Halafu tukafika hatua ya tatu. Kuna nyumba ya matofali, mlango uko wazi, ndani giza. Juu ya mlango mshale wa njano unawakawaka, na maandishi yanasema: Ingia nyumbani kwa mwanao. Njia nyingine zote zimezibwa kwa ua. Mama alimsimamisha Mzee nje ya kizingiti, akaondoa kidole, akangoja. Ukimwacha Mzee bila kumgusa, baada ya kitambo anakohoa. Waliotengeneza waliweka hivyo kuonyesha kwamba amechoka kungoja. Mama hakujua hilo. Yeye aliona amekohoa mahali panapostahili.

“Mbona hatoki?”

“Nani, Mama?”

“Mkaza mwana. Amekohoa. Mbona hatoki na kigoda?”

Nikamweleza kwamba hapa hatoki mtu. Mzee ndiye anayetakiwa kuingia, na akishaingia, baraka itasikika kutoka ndani. Mama alinitazama kama niliyemtamkia tusi mbele ya mchungaji.

“Aingie wapi?”

Kaka alikuwapo. Kaka ni mpole, lakini siku ile aliinuka. Alisema baraka ni yake, ameingoja, na kwamba kama iko nyuma ya mlango wa kuchorwa, basi mlango wa kuchorwa upitwe.

“Hiyo ni picha, Mama. Haina miguu.”

“Ina kikohozi.”

“Mama.”

“Kitu chenye kikohozi cha baba yako hakitaingia nyumbani kwako nikiwa nimekishika mkononi. Alikuzaa, akakutahirisha, akakuozesha, akafa, na nyumba yako hakuiona ndani. Leo nimsukume kwa kidole?”

Kaka alitoka nje. Mimi nilijaribu njia ya katikati, maana ualimu umenizoesha kutafuta njia za katikati. Nilisema nitaichukua simu hadi mjini, nimwingize huko peke yangu, ninase sauti kwa simu nyingine, nirudi na sauti bila picha. Mama akaniuliza kama nikiiba kuku Kisii na kumleta Nyamache akiwa supu, atakuwa si wa wizi. Akanitaka niahidi. Nikaahidi, na nikiahidi nimeahidi. Nilikuwa nimeghadhibika naye, na bado namheshimu, na mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu kama wake wenza.

Mwalimu mwenzangu wa hesabu aliicheza gemu hiyo akafika huko. Alinijia chumba cha walimu na uso wa kanisani.

“Madam, mzee wako alijua kuongea,” alisema.

Nilimwomba asiniambie zaidi. Yalikuwa maneno yetu. Sikutaka kuyapata kwa mtu aliyekuwa anatafuta nyota. Baadaye aliifuta gemu apate nafasi ya picha za mtoto wake. Watu wengi waliifuta. Haikuwahi kupendwa kiasi cha mtu kuihifadhi au kuitia mtandaoni, na kwa kweli sikuwalaumu, maana ukiondoa mvua na baba yangu, gemu yenyewe inachosha.

Mama ndiye hakuchoka. Kila alasiri, akishapeleka majani ya chai, alimtembeza Mzee taratibu, bila kukimbia, akiziruka nyota za watu, hadi kwenye ule mlango. Hapo alimwacha. Aliiweka simu kando na kuendelea na kazi zake, na Mzee akawa anakohoa kila baada ya kitambo. Hakutaka zaidi ya hapo. Nilipomuuliza raha yake ni ipi, alisema anapenda kujua amefika.

Alasiri moja nilimkuta ameketi chini ya upenu wa kaka, anabambua maharagwe. Wifi alikuwa ndani anapika. Simu ilikuwa juu ya ukingo wa dirisha. Niliketi, tukawa tunazungumza habari za bei ya mbolea, mazungumzo ya kawaida tu, na katikati ya mazungumzo simu ikakohoa.

Ndani sufuria iliwekwa chini. Tukasikia hatua. Wifi akatoka, leso imefungwa vizuri, macho yameelekezwa pembeni, kigoda mkononi. Aliinama na kukiweka mahali pake pale pale ukutani.

“Karibu, Tata,” alisema.

Kisha akainua macho akatuona sisi wawili na simu.

Wifi angeweza kucheka, na sisi tungeweza kumsaidia kucheka, lakini uso wake ulikuwa umekunjika na mkono bado uko juu ya kigoda. Mama akamwambia, polepole, “Umefanya vizuri.” Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kama mtoto aliyechapwa, kwa uchungu wa baba na kwa hasira pia, kwa sababu kampuni nzima ya watu wenye digrii na kompyuta imeshindwa kuchora mwanamke mmoja wa kutoka nje ya mlango. Hilo tu. Wangemchora huyo, baraka ingesemwa kwenye upenu, na sote tungeisikia. Nakuambia udhaifu wa gemu ile hauko kwenye mbio wala kwenye nyota.

Kigoda kilikaa pale hadi giza lilipoingia. Kaka alirudi, akakiona, akakizunguka.

Baada ya miezi michache mama alikuja Kisii na mikungu yake, nikamfuata soko la Daraja Mbili kumsaidia kupanga. Alikuwa na shida.

“Simu imeandika maneno. Nisomee.”

Gemu ilikuwa imekataa kufunguka. Iliandika kwamba haichezeki tena mpaka ipokee toleo jipya. Kulikuwa na kitufe kimoja tu, cha kukubali. Tulikitazama. Mama aliuliza kama kuna cha kukataa. Nilimwambia hakuna. Tukakubali, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya kitufe kimoja.

Ilirudi na rangi za peremende. Vilima vimekuwa kijani cha plastiki, mvua imetolewa, kofia ya baba imekuwa ndefu kama ya mchekeshaji. Mama alimpeleka kwa mwendo wake ule ule hadi kwenye mlango, akaondoa kidole, akangoja. Wanawake wa ndizi waliokuwa karibu, waliomjua baba, nao wakainama kutazama.

Mzee hakukohoa. Alitingisha makalio. Alianza kucheza dansi pale mlangoni, mikono juu, kisha sauti ikatoka, nami niliitambua kabla haijamaliza.

“Rakini nimechoka kungoja, bwana! Reo hakuna chai?”

Alikuwa yule yule mwigizaji wa mwanzo. Walimtoa kwenye katuni kwa sababu yangu, wakamrudisha kwenye gemu nikiwa sipo.

Nilimpigia mwenye kampuni nikiwa nimesimama katikati ya maganda ya ndizi. Nilimuuliza kikohozi kiko wapi.

“Madam, usikasirike. Maplayer walikuwa wanacomplain. Mzee anakohoakohoa tu, wengine wanadhani ako na corona. Tukaitoa, tukaweka kitu fiti, ya kuchekesha.”

“Na baraka?”

“Hiyo pia tumeredo. Ile ya kwanza ilikuwa na makelele ya kuku nyuma.”

“Hao ni kuku wetu. Nipe sauti ya kwanza.”

“Hizo ni za kampuni, Madam. Na nikuambie ukweli, zilikuwa kwa ile kompyuta ya zamani, na hiyo kompyuta ilikufa. Sidhani ziko.”

Nilimwambia maneno ambayo mwalimu wa Kiswahili hapaswi kuyajua. Nilipokata simu, mama alikuwa bado anaitazama ile dansi. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekagua noti sokoni.

“Huyu si yeye,” alisema.

“Si yeye, Mama.”

“Basi aingie.”

Alimsukuma kwa kidole chake mwenyewe, chenye utomvu wa ndizi, akapita chini ya mshale. Ndani kulikuwa na makochi na runinga kubwa na mwanamke kichwa wazi aliyeketi mguu juu ya mguu. Nyota ikamrukia Mzee. Nilikuwa nimeshika mkono wa mama. Najua mwenye kampuni alikuwa ameshaniambia, lakini moyo haukubali kuambiwa; nilingoja nisikie kuku wetu.

“Mbarikiwe nyinyi wote, rakini msisahau kunipa maziwa yariyorara!”

Vikafuata vicheko vya kurekodiwa, kengele, na maandishi ya kutupongeza kwamba tumeimaliza hatua ya tatu.

Nilimwambia mama pale pale, mbele ya wanawake wote, na sikuona haya kusema. Nilimwambia ilikuwa mkononi mwetu. Ilikuwa nyuma ya mlango, sauti yake yenyewe, miezi yote ile, na tulichotakiwa kufanya ni kusukuma kidole mara moja. Hata mwalimu wa hesabu ameisikia. Watu waliokuwa wanatafuta nyota wameisikia. Sisi hatutaisikia maisha yetu yote.

Mama aliizima simu, akaifunga katika pindo la leso. Mteja alikuwa amefika, akamkatia mkono wa ndizi, akaagana naye, kisha ndipo akanijibu.

“Lakini hakuingia.”

Jioni tulirudi pamoja Nyamache. Kaka alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake, na nilimweleza yote, kuhusu kitufe, dansi, na kompyuta iliyokufa. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akamgeukia mama na kumuuliza, bila ugomvi, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, kwamba sasa atajuaje alibarikiwa kwa maneno gani.

“Alisimama hapo,” mama alisema, akionyesha mbele ya kizingiti, “akayasema. Hakuingia.”

Kaka akasema hilo si jibu. Mama akasema ndilo. Wifi alitoka na vigoda viwili, akampa mama kimoja na mimi kimoja, akarudi ndani kuendelea kupika. Mimi nilikaa katikati yao nikiukubali ukweli wa kila mmoja, na nilichotaka kilikuwa kusikia sauti ya baba yangu.